Nimemaliza Better Call Saul, sijatulia kabisa

Jamani, nimeimaliza sasa hivi.

Kwa wasioijua: ni tamthilia ya Marekani iliyozaliwa na tamthilia nyingine, Breaking Bad, ikaanza 2015 na kuisha 2022. Bob Odenkirk ndiye Jimmy McGill, wakili anayegeuka kuwa Saul Goodman.

(Kama hujafika mwisho, ishia hapa tafadhali.)

Mwishoni Kim, aliyekuwa mke wa Jimmy, anamtembelea gerezani. Picha ni nyeusi na nyeupe. Wameegemea ukuta, wanapokezana sigara moja kama zamani, na maneno ni machache mno.

Halafu nikaona: mwali wa kiberiti una rangi!

Kila kitu kijivu, ila ule moto. Nikarudisha nyuma kuhakikisha. Kweli, ni rangi ya chungwa, na ule moto wa sigara pia. Hapo machozi yakanitoka.

Rhea Seehorn, anayemwigiza Kim, ni mwigizaji wa ajabu. Anaweza kunyamaza tu, akatazama pembeni, na ukajua kila kinachompitia moyoni.

Na tamthilia hii iliteuliwa kuwania Emmy, tuzo kubwa za televisheni Marekani, mara 53 bila kushinda hata moja. Inaniuma kweli.

Mimi nasema wazi: imeizidi Breaking Bad. Ile inaishia kwa risasi, na ni nzuri sana, sikatai. Lakini hii imethubutu kumaliza kwa watu wawili wanaopendana na ukweli uliokwisha kusemwa.

Mlioitazama, mnaniunga mkono au mnabaki na Walter White wa Breaking Bad? Na ule mwali, mliuona mara ya kwanza?