Bati la Dakota kwenye mtiki wa Longuza

Mteja tuliyemwita Kepteni hakuwahi kuwa nahodha. Alikuwa fundi mitambo wa meli za mizigo, akastaafu, akajenga Chumbageni, hapa Tanga, na sebule yake akaijaza vitu ambavyo mkewe alivipangusa vumbi huku akinung'unika. Mwaka 2011 aliingia karakana yetu ya useremala pale Ngamiani na kifurushi kilichofungwa kwa kanga kuukuu, akitaka kitako cha mbao cha kusimamishia kilichomo.

Kilichomo kilikuwa bati la ndege, ukubwa wa sinia dogo, lililokatwa ubavuni mwa Dakota, ndege ya kijeshi ya Marekani aina ya C-47. Alilinunua Uingereza pamoja na cheti chenye namba ya ndege lilikotoka. Upande wa nje kulikuwa na safu ya ribiti, vile vijiti vya kuunganishia mabati, nusu ya bati nyeusi, nusu nyeupe, na michirizi ya brashi bado inaonekana. Upande wa ndani ulipakwa rangi ya kijani iliyoelekea manjano, na pale ilipobanduka ulisoma herufi za wino wa kiwandani: ALCLAD 24S-T.

Kepteni alipenda ile michirizi kuliko kitu kingine. Juni 1944, katika Vita Kuu ya Pili, siku chache kabla ya majeshi ya washirika, yaani Marekani, Uingereza na wenzao, kutua Normandy, Ufaransa, ndege zao ziliamriwa zipakwe mistari mieusi na myeupe ili zisitunguliwe na wenzao. Kazi ilikuwa ya mbio mbio, wengine wakipaka hata kwa mifagio, na usiku wa kuamkia tarehe 6 Dakota zaidi ya 800 zikabeba askari wa miamvuli. Mimi habari za vita hazinisisimui sana, lakini pale karibu na ribiti ya tatu rangi nyeupe ilikuwa imechuruzika ikakaukia hapo hapo, kwa kuwa mpakaji hakuwa na muda wa kuipangusa. Hapo nilikaa nikitazama.

Mwenzangu akachukua msasa. Alitaka bati ling'ae kama kioo.

"Weka chini hiyo, mwanangu," Kepteni alisema, na sauti yake haikuwa ya utani.

Nami naungana naye. Nimeona picha za mabati ya aina hii yaliyosuguliwa yakawa kama pambo la hoteli. Hujui tena kama lilipaa au lilitoka dukani jana.

Wakati huo baba mdogo akaingia kuchukua maranda ya kuwashia moto. Yeye alikuwa akisubu sufuria uani kwake kwa vyuma chakavu vya aluminiamu. Akamwamkia Kepteni, akaomba kulishika bati, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo uliokatwa. Kikatoka na unga mweupe.

"Kaka, hili linaliwa na chumvi."

Kepteni akakubali. Akatueleza kwamba ALCLAD maana yake ndani ya bati ni duralumini, aluminiamu iliyochanganywa na shaba ili iwe imara, na nje limevikwa pande zote mbili ganda jembamba la aluminiamu safi linalozuia chumvi. Ukilikata, ukingo unabaki uchi. Baba mdogo hakuyajua majina hayo, ila ukingo aliujua.

Mwenzangu, ambaye siku hiyo hakuwa na bahati, akapendekeza tulikaze kwa parafujo za shaba. Wazee wote wawili wakasema hapana kwa mpigo mmoja: shaba ikigusana na aluminiamu penye chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kepteni alikuwa akiwaza vipande vya zinki vinavyobandikwa chini ya meli viliwe badala ya chuma. Baba mdogo, sufuria alizoletewa zikivuja pale zilipozibwa kwa shaba.

Basi nikachonga kitako kwa mtiki wa Longuza, lile shamba la miti la Muheza, nikakata mfuo, nikauacha ulegee kidogo kwa sababu masika mbao huvimba. Ukingo wa bati tukaupaka nta ya nyuki. Hakuna parafujo hata moja.

Nilipokuwa nikichonga, Kepteni alisimulia kwamba Julai 1940 Lord Beaverbrook, waziri wa Uingereza aliyesimamia utengenezaji wa ndege, aliwaomba akina mama watoe sufuria zao za aluminiamu ziyeyushwe ziwe ndege. Vita vilipokwisha, Wamarekani nao wakakusanya maelfu ya ndege huko Kingman, Arizona, wakaziyeyusha.

"Kumbe zilikuwa sufuria tangu mwanzo," baba mdogo akasema.

Kisha akauliza bei ya bati. Kepteni alipoitaja, baba mdogo alicheka mpaka maranda yakamwagika. Kwa pesa hiyo, alisema, angesubu sufuria za kupikia pilau ya harusi tatu.

"Sawa," Kepteni akamjibu, "lakini hili lina namba, najua limetoka wapi. Sufuria yako nikiikuta sokoni, nitajuaje kuwa ni yako?"

Baba mdogo hakujibu. Wiki iliyofuata nilimkuta uani akigonga herufi mbili za jina lake na mwaka chini ya kila sufuria. Bei nayo alikuwa ameshaipandisha.