Mafuta kidogo tu

Jana usiku nilikaa barazani na simu nikipiga hesabu ambayo natamani mtu angenipigia miaka mitatu nyuma. Wakati ule nilienda kupigwa altrasaundi nikidhani nina mawe kwenye nyongo, mawe hayakuonekana ila kwenye karatasi pakaandikwa ini lina mafuta. Nikauliza, nikaambiwa ni mafuta kidogo tu mama, wengi wanayo, punguza chipsi. Nikatoka hapo nikapita Marikiti kununua nazi, basi, yakaisha hivyo. Hakuna aliyeniuliza kuhusu sukari na mimi tayari nilikuwa nameza dawa za sukari, na presha pia.

Sasa hesabu yenyewe ni hii. Nina miaka 46, AST yangu 40, ALT 36 (hivi viwili ni vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu), pleteleti, yaani chembe za kugandisha damu, 210. Ukizitazama moja moja ziko sawa zote, mtu anakwambia ini lako zima. Lakini chukua umri uzidishe kwa AST, halafu ugawe kwa jibu la pleteleti mara kipeuo cha pili cha ALT, inakuja 1.46. Hiyo inaitwa FIB-4, ukiwa chini ya 1.3 hofu ya makovu makubwa kwenye ini ni ndogo, ukivuka unafaa ukapimwe ugumu wa ini. Vipimo vyenyewe nilikuwa navyo kwenye droo, yaani ni kikokotoo tu kilikosekana! Hilo ndo linaniuma mpaka leo.

Mwezi wa pili ndo nikapimwa ugumu, unalala chali wanakuwekea kitu kinagonga gonga mbavuni, hakiumi, dakika chache umemaliza. Ikatoka kilopaskali 9.8, ndo kizio cha huo ugumu. Chini ya 8 mara nyingi ni salama, kuanzia 12 makovu yanakuwa yamekolea, mimi niko hapo katikati. Daktari, binti mdogo mwenye subira sana, akanichorea kwenye karatasi. Akasema mama, mafuta peke yake ini linaweza kuyavumilia miaka, shida ni yakianza kuliunguza. Kuna seli humo ndani kazi yake ni kuweka vitamini A, zimetulia tu, sasa ini likiumia umia kila siku zile seli zinageuka zinaanza kutoa nyuzi za kovu, kama kidonda kinachojaribu kupona na hakiachwi kipone. Makovu yanahesabiwa toka 0 mpaka 4, na 4 ndo ini limesinyaa. Na njia yote hiyo unaweza usisikie maumivu yoyote.

Hapo nikamkumbuka mamangu mkubwa, Mungu amrehemu. Alikuwa na sukari miaka mingi, mwanamke mnene mwenye nguvu, halafu tumbo likajaa maji, miguu ikavimba, macho manjano, na watu mtaani Majengo wakaanza kusema amerogwa na wengine wakanong'ona ati alikuwa anakunywa kwa siri. Mwanamke aliyekuwa hakosi swala! Sijui kwa yakini kilichomuua na siwezi kusema, lakini nilipotazama mchoro wa daktari nililia palepale.

Ndo maana nami nilikaa wiki nzima sijamwambia mtu nyumbani. Huku kwetu ukisema ini watu wanasikia pombe. Mwaka 2023 madaktari wa dunia waliubadilisha jina ugonjwa huu, zamani jina lilikuwa linasema tu kwamba si wa pombe, sasa linataja chanzo chenyewe, yaani sukari, kitambi, presha, mafuta ya damu. Mimi hilo nimelishika sana. Mwili ukishakuwa sugu kwa insulini, ile homoni inayoshusha sukari, mafuta ya kitambi hayatulii mahali pake, yanamwagika kwenye damu yanaelekea ini, na sukari tunayozidisha ini nalo linaigeuza mafuta. Na mimi chai yangu ilikuwa vijiko vitatu, mahamri manne, mchana sharubati, jioni kaimati.

Nilianza na kilo 84. Ukipunguza asilimia 5 ya uzito mafuta ya ini yanapungua, ila kuyarudisha nyuma makovu yenyewe unahitaji kama asilimia 10. Leo nina 79.5. Marekani wameshaidhinisha dawa mbili, resmetiromu 2024 na semaglutaidi 2025, kwa wenye makovu ya wastani hadi makubwa ambayo hayajafika kusinyaa, nilimuuliza daktari akasema kwanza tumalize hizi kilo na sukari itulie. Sawa. Kila alfajiri natembea ufukweni Mama Ngina kabla jua halijawa kali, upepo wa bahari ukinipiga, na kahawa chungu sikukatazwa, wanaokunywa kahawa wanaonekana kupata makovu machache, basi nainywa kavu bila halua.

Ijumaa nilimwambia mamangu. Alinyamaza kitambo, akauliza, "Ndo lile la dadangu?" Nikamwambia mama sijui, ila langu limeonekana mapema. Jana kapika mbaazi nazi kidogo sana, akanitilia sahani, akakaa kunitazama nikila, halafu akaniambia Jumatatu tuende wote, naye akapimwe.