Jioni ya Juni kinamasini

Jana nilikuwa natwanga iliki ya mandazi. Binti yangu akapita jikoni, akanusa, akasema, "Mama, hii ni harufu ya dugnad." Kwake iliki si mandazi ya nyanyake kule Eldoret. Ni wafle zinazookwa siku za kazi ya pamoja, nje ya kibanda cha klabu ya skii, jamu ya stroberi na krimu juu yake, watoto wamepanga foleni na miguu imejaa matope. Nikauweka mchi chini. Alikuwa na miaka tisa majira yale, na mimi Kinorwe changu kilikuwa cha kununulia mkate na kuulizia basi.

Klabu yenyewe ni kibanda chekundu, uwanja wa kokoto wa kuegesha magari, na njia ya skii yenye taa inayoingia msituni, huku juu ya Lillehammer, Norwe. Asiyeishi huku hudhani klabu ya skii hulala theluji ikishayeyuka. Wapi! Kuanzia Mei watoto wanapanda mlima mbio na fimbo mikononi, kwa zile hatua ndefu za kurukaruka wanazoziita elghufs. Wanakimbizwa kinamasini, wanazama hadi magotini, wanatoka wakicheka. Wakubwa wao wanavaa skii za magurudumu, vyuma vifupi visivyofika mita moja, gurudumu moja mbele na moja nyuma, breki hakuna, na kutwa unasikia ncha za fimbo zikigonga lami. Mimi ni mtoto wa Uasin Gishu, mazoezi nayajua. Nimekua nikiona watu wakiamka gizani kwenda kukimbia. Lakini kuona mtoto akitokwa jasho mwezi wa Julai kwa ajili ya theluji ambayo haijaanguka bado, hilo lilinifanya niwaheshimu watu hawa kabla sijawaelewa.

Na wazazi nao wana zamu zao. Dugnad ni kazi ya pamoja, hakuna anayelipwa: kuuza kahawa siku ya mashindano, kupanga soko la skii na viatu vilivyotumika vuli ikifika, kupaka kibanda rangi, kufyeka njia. Ujumbe unatumwa, unajiandikisha, unafika na glavu zako. Mimi nilijiandikisha kufyeka kwa sababu ya lugha. Kwenye kahawa ungelazimika kuongea na watu. Kichaka hakikuulizi kitu.

Ilikuwa Juni 2015, jioni, jua bado juu kabisa. Msimamizi wa njia alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mwembamba, suruali imebanwa kwa mkanda wa ngozi uliochakaa. Watoto walimwita kwa jina lake tupu, ndio desturi yao. Mimi sikuweza. Nilimwita Mzee, nikamweleza kwamba kwetu hiyo ni heshima, akaitikia kwa jina hilo tangu siku ile.

Aliniangalia, akaangalia gambuti zangu, akasema, "Wewe njoo na mimi." Nikamfuata mpaka mahali ambapo njia inakata kinamasi. Kidaraja cha zamani kilikuwa kimeoza. Akanieleza taratibu, akirudia kila nilipokunja uso: maji ya kinamasi huchelewa kuganda, na theluji ikiangukia hapo inaliwa. Mashine ya kutengeneza njia ikipita hapo mapema inazama. Ila daraja likiwa zima, na vichaka vikikatwa hadi chini kabisa, theluji kidogo inatosha kufungua njia, na watoto wanaanza Novemba badala ya kungoja Januari. Kwa maneno mengine, majira yao ya baridi yalikuwa yanaamuliwa jioni ile, na mimi nilikuwa nimesimama palepale penye uamuzi.

Kulikuwa na magogo mawili ya kubeba, marefu, yaliyokatwa karibuni, magome bado hayajatolewa. Tuliinama, yeye mbele, mimi nyuma. Akahesabu hadi tatu. Gogo likapanda, utomvu ukanata kwenye glavu na kwenye mkono wangu wa sweta. Hatua ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili gambuti langu la kushoto likazama na maji yakaingia kwa juu, baridi ya ghafla, maji meusi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Mbu walikuwa usoni na mikono yetu yote miwili ina kazi. Yule mzee hakugeuka, ila alihisi kupitia mbao kwamba nimesimama, naye akasimama. Hakuniambia pole, hakuniambia nitue. Alisubiri hadi mguu wangu ulipotoka, kisha tukaenda, na sasa hatua zake zilikuwa fupi, za kunifaa mimi. Hakuna aliyekuwa amenipimia hatua tangu nifike nchi hii.

Tulipolilaza gogo la kwanza akaketi juu yake apumue. Akaniuliza natoka wapi.

"Kenya."

Akatulia kidogo. "Boit," akasema.

Nilijua kinachofuata. Kila Mnorwe wa umri wake anayo hadithi hii na alikuwa ameshanisimulia mmoja dukani na mwingine kwenye basi. Nagano, Japani, Februari 1998, mbio za skii za kilomita 10. Bjørn Dæhlie, yule Mnorwe wa dhahabu nane za Olimpiki, anashinda. Philip Boit, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, anafika wa 92, dakika 20 baadaye, na Dæhlie bado yuko pale mstarini anamngoja, anamkumbatia. Boit akaja kumwita mwanawe Dæhlie. Ni hadithi nzuri, na ni ya kweli. Lakini kila nilipoisikia kuna kitu ndani yangu kilijifunga, kwa sababu ndani yake kazi ya Mkenya ni kusubiriwa. Hawasemi kwamba Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800, wa ukoo mmoja na Mike Boit aliyeleta shaba kutoka Munich 1972. Hawasemi kwamba alirudi tena Salt Lake City 2002, na tena Turin 2006.

Basi nikajiandaa kutabasamu. Mzee hakufika kwenye kumbatio. Alikuwa akibandua kipande cha gome kwa ukucha, akauliza, "Kiangazi alikuwa akifanyia wapi mazoezi?"

Nikamwambia alipelekwa Finland.

"Hiyo ni baridi. Nauliza kiangazi. Alikuwa na njia? Kuna mtu aliyemfyekea?"

Sikuwa na jibu. Nilitazama kinamasi, yale majani yenye vichwa vyeupe vya manyoya yakiinama na upepo, na kwa mara ya kwanza nikamwona Boit kwa macho ya mtu anayeijua kazi. Mzee yule alikuwa ameitazama mbio ileile ambayo wenzake wote waliitazama, na alichobaki nacho miaka yote hiyo ni swali la mtengeneza njia. Akasema mtu hamalizi kilomita 10 kwa huruma ya mwenzake. Anamaliza kwa alichofanya Juni na Julai, kukiwa hakuna kamera. Kisha akasimama, akapangusa suruali, akaelekeza kidevu kwenye gogo la pili.

Hili la pili hatukuhesabu. Tuliliinua pamoja tu.

Saa nne usiku tulikuwa kibandani, jua bado linapiga vilele vya misonobari, binti yangu na wenziwe wanagombania wafle. Daraja lilipigiliwa mbao wiki iliyofuata. Theluji ilipokuja nilipita juu yake nikiwa na skii za kununua sokoni, nikijifunza pamoja na watoto wa miaka sita. Binti yangu alipofika miaka kumi na minne akaachana na skii, akahamia mpira wa mikono, na hajarudi. Mimi nilikuwa nimeingia kwa sababu yake, lakini nikabaki. Sasa niko kwenye kamati ya njia. Kama hapa nimekuwa mwenyeji, au ni kwamba tu nabeba vizuri, hilo sijaliamua, na kuna miaka jibu linaegemea huku na miaka linaegemea kule.

Mzee ameacha usimamizi, magoti yamemkatalia. Nikimtembelea bado ananiuliza kama nimepata jibu. Kila nikienda nyumbani Eldoret nawauliza watu: Boit alifanyia wapi mazoezi kiangazi, nani alikuwa naye? Na nyumbani pia wananisimulia Dæhlie, jinsi alivyongoja pale mstarini. Siku nikikutana na Boit mwenyewe, kumbatio sitaligusa. Nitamuuliza habari za Juni na Julai, nimpelekee Mzee majibu.