Kijiwe kilinielewa siku niliyokiri uoga wangu

Nikipita kijiwe cha bodaboda karibu na stendi ya Msamvu, hapa Morogoro, vijana wananiita "Shemeji". Mke wangu hana ndugu hata mmoja pale. Jina hilo nimelipata kwa ushauri mbovu.

Nilipewa kazi ya kuhamasisha uchangiaji damu. Mara ya kwanza nilikwenda kimwalimu. Nikawaeleza kwamba Juni 14 ni siku ya wachangia damu duniani kwa sababu ndiyo siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, mwaka 1868, na kwamba huyo bwana ndiye aliyegundua makundi ya damu. Sijafika 1901 pikipiki nne zimeshawashwa.

Mwenzangu kazini akaniambia, "Watu hawataki historia, wape kisa. Walize!" Sawa. Wiki iliyofuata nikawaletea kisa cha dada yangu wa Dodoma aliyefariki kwa kukosa damu. Nilikipamba: usiku, mvua, mama kashika kanga mdomoni. Mama ntilie mmoja akaacha kukaanga chapati. Nikajiona bingwa. Ndipo kijana mmoja nyuma akainua mkono, kumbe tumekua mtaa mmoja.

"Ticha, kwenu si mko wanaume watupu?"

Kicheko kile kilisikika mpaka kwenye mabasi. Tangu siku hiyo ni "Shemeji, dada hajambo?" Kisa cha kuazima ni kama suti ya kuazima, mwenyewe atakuona tu.

Nilitaka kuacha. Mke wangu ndiye aliyeniuliza kwa nini nahangaika na dada wa kubuni wakati yeye yupo. Nikanyamaza, maana kisa chake kinaniumbua mimi.

Mara ya tatu nikaenda bila karatasi. Kipaza sauti nilikikataa pia, kinamfanya mtu aanze kuhubiri. Nikakaa juu ya pikipiki ya mtu, nikasema: mke wangu alipojifungua mtoto wa pili, damu haikukata. Muuguzi akatoka, akaniomba nichangie na nitafute wengine. Mimi hapa, kilo 78, nikajibu, "Nina presha." Akanipima palepale: 118 kwa 76. Hakusema kitu, alinitazama tu huku anakunja mpira wa kipimo taratibu. Nikatoka nje eti natafuta mtandao wa simu. Sindano, jamani! Niliporudi nilimkuta kijana wa boda aliyetuleta, kalala kitandani, mkono kaunyoosha, helmeti kaiweka tumboni. Alikuwa amebaki kunisubiri nimlipe buku mbili yake.

Hapo nikanyamaza kabisa.

Huu ujanja nimeugundua mwenyewe na naona fahari kuusema: usimalize kisa wakati wanakutaka umalize. Walivumilia kama dakika moja hivi. "Sasa mkeo, ticha?" Nikanyoosha kidole kwenye hema la wachangiaji ng'ambo ya barabara. "Yule mwenye gauni la kijani, anayegawa soda."

Maswali yakaanza kumiminika, na sasa takwimu zangu zikapata soko. Mmoja akasema damu yetu mnaiuza. Sikubishana naye, nilirudi kwenye kisa. Damu ya yule kijana haikwenda kwa mke wangu usiku ule, lazima kwanza ipimwe Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Aliyoongezewa mke wangu ilikuwa tayari kwenye jokofu, ya mtu aliyejitolea siku ambayo hakuwa na mgonjwa. Huyo mtu simjui. Ndiyo maana nawaomba leo, msingoje mgonjwa.

Mwingine akahofia kukaushwa. Nikachukua chupa yake ya maji ya nusu lita, nikanywa mafunda mawili, nikamrudishia: inachukuliwa kama hiyo iliyobaki, mililita 450, basi. Mama ntilie akauliza na wao je. Nikamwambia kilo 50 na umri miaka 18 hadi 65, mwanamume anarudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne.

"Na wewe umeshatoa, au bado una presha?" Hilo nililitegemea. Nikakunja mkono wa shati, plasta ya asubuhi ile bado ipo. Usithubutu kwenda mikono mitupu kwenye swali hilo.

Wakavuka kumi na saba, wengine nadhani walitaka tu kuhakikisha huyo mke si wa kubuni. Watatu walirudishwa kwa uzito au presha, ya kweli safari hii. Gharama yangu ilikuwa nauli na kreti kadhaa za soda, sikuhesabu.

Jina la Shemeji limebaki, ila salamu imebadilika. Yule kijana wa helmeti alikwishaondoka nilipotoka wodini asubuhi ile, na sijamwona tena. Kwa hiyo kila nikipita kijiweni napigiwa kelele: "Shemeji, lipa buku mbili ya watu!"