Nani baba wa michikichi hii?

Michikichi ya bondeni, hapa Simbo, baba mdogo aliipanda kwa mbegu alizookota chini ya mti wa jirani. Mti ule unasifika: nyama nyingi, kokwa ndogo, ganda jembamba. Kabla ya kuotesha alipasua kokwa kadhaa, akakuta zote zina ganda jembamba, akaamini amepata mbegu bora. Sasa miti inazaa, na karibu nusu yake inatoa ganda nene, aina iitwayo dura kabisa. Kila nikija ananiuliza kulikoni. Wiki hii nimepita mti kwa mti na kisu na daftari.

Natamani kila mpanda michikichi wa Kigoma alijue hili: ganda la mbegu ni la mama. Huumbwa na mti uliozaa tunda, na chavua ya baba haiongezi wala haipunguzi unene wake. Ukipasua kokwa ukaona ganda jembamba, umemjua mama tu. Mtoto aliyemo ndani ataonyesha lake siku atakapozaa mwenyewe, miaka mitatu baadaye au zaidi, na hapo umeshapalilia na kutumia fedha.

Siri yenyewe ilifumbuliwa ng'ambo ya ziwa letu, katika Kongo ya Wabelgiji, na Beirnaert na Vanderweyen, waliochapisha matokeo yao mwaka 1941. Ganda linatawaliwa na jeni moja. Mti uliorithi ganda kwa baba na kwa mama ni dura. Uliorithi kukosa ganda pande zote mbili ni pisifera, na kwa kawaida mikungu yake huoza ingali michanga. Uliopata huku na huku ni tenera, wenye mafuta takriban 30% zaidi ya dura. Mimi siamini unene peke yake, maana ganda la dura huanzia milimita 2 na la tenera huweza kufika 4. Nakata tunda kwa upana na kutafuta duara la nyuzi nyeusi kuizunguka kokwa. Likiwepo, ni tenera.

Nilikuwa nikisoma pia kuhusu Mlima Kinabalu, kisiwani Borneo, kwenye mimea ambayo ncha za majani yake hugeuka mitungi ya kunasa wadudu. Upo mmoja, Nepenthes kinabaluensis, ambao ni mtoto wa Nepenthes rajah na Nepenthes villosa. Mbavu za mdomo wa mtungi wake ni kubwa kuliko za rajah, ndogo kuliko za villosa. Tenera nayo imesimama katikati ya wazazi vivyo hivyo. Ila kwenye mitungi inabidi kupima sifa nyingi kwa pamoja, na sisi swali la ganda tunalimaliza kwa kisu.

Basi, mama ni tenera, na watoto karibu nusu kwa nusu ni dura na tenera. Baba wa wengi wao ni dura. Sikushangaa, bonde limejaa michikichi ya kizee yenye ganda nene. Mchikichi hutoa maua ya kiume kwa kipindi, kisha ya kike, kwa hiyo ni nadra kujichavusha. Wadudu wadogo jamii ya fukusi huleta chavua kutoka kwa majirani. Ndiyo maana mbegu bora hutengenezwa kwa kufunika maua ya mama dura kwa mfuko na kumpulizia chavua ya pisifera. Watoto wote huwa tenera.

Karibu na mfereji kuna mti ambao mikungu yake huoza kila mwaka. Baba mdogo aliuona mgonjwa. Ukame au uhaba wa chavua navyo huozesha mikungu, kwa hiyo nilitafuta matunda yaliyookoka. Nilipoyapata machache, kisu kilipita bila kugota: kiini kidogo ndani ya nyuzi, ganda hakuna. Pisifera! Baba wa mti huo hakuwa dura. Huenda kuna tenera nyingine mahali fulani jirani, na bado naitafuta.

Kilichonifurahisha zaidi ni mti mmoja wa juu kidogo. Matunda yake machanga ni ya kijani, wakati ndugu zake wote na mama yao huanza yakiwa meusi. Kijani hutawala weusi, hakiwezi kujificha ndani ya mzazi, kwa hiyo lazima kimetoka kwa baba. Ninaoujua wa namna hiyo hapa bondeni ni mmoja tu, mkongwe, nyuma ya kisima. Nilikwenda nikakata tunda lake: ganda nene. Mtoto ni tenera. Hesabu inakubali, na nimeandika "baba" kwenye daftari bila kuweka alama ya kuuliza.

Baba mdogo aliposikia yote haya alitaka kukata dura zote na kwenda Kihinga kwa watafiti wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kuchukua miche. Mama mdogo akamkatalia. Kokwa za dura zina viini vikubwa, naye ndiye anayezipasua kupata mise, yaani viini hivyo, na kuuza.

"Kata huo usiozaa," alisema. "Hii mingine utaikata mimi nikishapata mise ya kutosha kutoka kwenye hiyo miche yako."

Jumamosi tunaupiga rangi kila mti kwa aina yake, na shimo la pisifera litapata mche wa Kihinga.