Jarife

"Ni 131," amesema binti yangu, kalala kifudifudi sakafuni, kidole juu ya samaki wa mwisho. Amehesabu mara mbili. Nguo ya picha niliyolichorea kanisa tumeishusha darini kwa sababu ni mwaka C tena, wa tatu katika mzunguko wa masomo ya Misa, na Jumapili ya tatu ya Pasaka husomwa Yohana 21: Yesu yuko ufukweni, wanafunzi wanavua. Ukumbi mzima unanuka ukungu na gundi ya zamani. Kwenye Biblia yake samaki ni 153, na anataka kujua hao 22 wamekwenda wapi.

Walikuwa 153 kamili hadi Jumamosi moja alasiri, Aprili 2016.

Nguo yenyewe ni amerikani, vipande viwili vilivyoungwa kwa mshono mmoja, mita 3 kwa mita 1.6. Niliiwamba kwenye fremu ya mapau ya mikoko, misumari nikianzia katikati ya kila upande nikielekea pembeni. Ukianzia pembeni, mikunjo hukusanyika katikati na haitoki tena. Halafu gundi nyeupe ya maseremala, kipimo kimoja kwa vitatu vya maji. Ikikauka nguo hukaza kama ngoma, na rangi haizami ndani ikatokea upande wa pili. Msasa namba 120, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji iliyotiwa gundi kidogo, maana rangi ya bei nafuu ni chaki tupu na hupasuka siku ya kwanza ukiikunja nguo. (Viringisheni, jamani, msikunje. Na upande wa picha uwe nje.) Mchoro niliuhamisha kwa miraba: sentimita 2 kwenye karatasi, 20 kwenye nguo, miraba 120 kwa jumla. Wekundu wa oksaidi ya sakafu niliukanda kwanza kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, la sivyo unga huelea juu ya rangi na kukuachia madoa.

Chombo nilikionea fahari. Nilikuwa nimesoma habari za kile kilichopatikana mwaka 1986 kwenye matope ya ziwa la Galilaya, ukame ulipoyashusha maji: urefu mita 8 na ushei, upana mita 2 na ushei, cha karne ileile ya akina Petro. Kwa hiyo sikuchora mashua ya hapa kwetu Malindi. Nilichora kile, na wanafunzi saba ndani yake.

Samaki niliwapiga muhuri. Soli ya kandambili, nikachonga samaki wa sentimita 12 kwa wembe, na jicho lake na magamba. Muhuri hauchovywi kwenye kopo, rangi hujaa kwenye michongo na samaki akatoka kipofu. Unaupaka kwa sponji, na kila baada ya samaki watatu unaufuta. Safu 15 za kumi kumi, na watatu pembeni. Juu yao nikapitisha wavu kwa brashi namba 2.

Nyuzi zilikuwa bado mbichi alipofika mzee aliyekuwa akituletea samaki aina ya changu, amefuata pesa zake za wiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akavua viatu kizingitini, akasogea. Yule aliyesimama ufukweni hakumtazama usoni. Yeye ni Mwislamu, na macho yake yalipofika pale yaliruka yakatua kwenye moto wa makaa, yakarudi baharini, yakaganda kwenye wavu. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani anasifu moyoni.

"Hayo yenu mimi siyajui. Lakini huu ni wavu gani?"

"Jarife, mzee. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Jarife?"

Nikamsomea. Akanitaka nirudie. Kisha akakunja ngumi ya kulia, ngumi iliyochanjwa na mishipi miaka yote ile, akaiweka juu ya tundu mojawapo nililolichora. Tundu halikuonekana tena, wala matatu ya jirani yake.

"Jarife ni la papa na taa. Ngumi hii hupita. Na halitupwi likavutwa papo hapo. Hutegwa jioni, likavutwa asubuhi."

"Hilo ndilo la muujiza, basi."

"Muujiza sawa. Lakini hawa dagaa wako watapita wote. Kitabu kinasema samaki gani?"

Nikaangalia. Samaki wakubwa. Nilikuwa nimeusoma mstari ule wiki nzima kwa ajili ya ile namba tu.

Alipoinua mkono, vifundo vinne vilikuwa vyeupe, na vingine vinne vimebaki kwenye nguo, chini kidogo ya mahali Petro alipojitupa majini. Akanawa bombani, akachukua pesa zake, akaenda kuiwahi magharibi.

Usiku ule niliziba katikati ya wavu kwa rangi nyeupe, nikangoja ikauke, na kwa joto lenye unyevu la huku kwetu haikauki upesi. Nikachora samaki wakubwa tisa kwa mkono, na matundu mapana juu yao. Wakawafunika wadogo 31. Pembeni sikuwahi kugusa, kwa hiyo mpaka leo wavu ule ni jarife katikati, na kandokando ni kitu ambacho mvuvi hana jina lake. Asubuhi nguo ikatundikwa. Padre alihubiri kuhusu lisha kondoo wangu. Samaki hakuwahesabu mtu.

Ule mchapo wa ngumi sikuufunika. Nimezoea kusema rangi ilikuwa imekwisha, lakini kopo lilibaki nusu. Yesu wangu wa ufukweni nilimchora kwa uangalifu wote niliokuwa nao na bado amekaa kama mtu anayesubiri matatu. Zile alama nne ndizo kitu pekee kwenye nguo nzima ambacho sikukikosea, na si mimi niliyezichora.

"Walipita kwenye matundu," nimemjibu binti yangu.

Hakukubali. Walihesabiwa pwani, ameniambia, baada ya kuvutwa. Ameniomba wembe nikamnyima. Sasa hivi namsikia huko jikoni na mkasi, na kaka yake anauliza nani kachukua kandambili yake ya kushoto.