Nilivyozuia panya wasivuke kwenda kisiwani

Kazi yangu ni kupakia mahitaji ya kisiwa kidogo cha hifadhi huku Unguja: mchele, maji, gesi, makuti ya kuezekea. Kisiwa hakina panya, nami nataka kibaki hivyo. Buabua, wale ndege weupe wa baharini wenye utosi mweusi, hutaga juu ya mawe matupu. Panya akifika anakula yai na kinda pia. Kisiwani Chumbe panya walitokomezwa mwaka 1997, na kazi hiyo ni nzito mno, kwani jike mmoja akibaki na mimba, ndani ya wiki tatu hivi anazaa.

Kwanza nilibadilisha ufungaji. Zamani mizigo ikilala ghalani usiku kucha. Sasa tunafunga asubuhi ya safari, mahali peupe, na mchele tunaumimina kwenye mapipa ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza. Makuti ndiyo yaliyonitoa jasho, maana panya hupenda kujibanza katikati ya mafungu. Kila fungu tunalifungua na kulikung'uta, ndipo lipande botini.

Mabaharia walinung'unika, maji yanakupwa, mimi bado nakung'uta makuti. Nahodha mmoja mtu mzima akaniuliza, "Mwanangu, panya mmoja atadhuru nini?"

Nikamjibu kwa habari ya samaki, kwa kuwa ndiyo riziki yake. "Mzee wangu, kule Chagos, humuhumu Bahari ya Hindi, watafiti wamelinganisha visiwa vyenye panya na visivyo na panya." Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: pasipo panya, msongamano wa ndege ulikuwa mara 760 zaidi, na uzito wa samaki miambani ulizidi kwa asilimia 48. Kinyesi cha ndege ni mbolea; kikisombwa hadi baharini hurutubisha mwani, na samaki wanakula. Mzee aliniuliza tena na tena mbolea hiyo inafikaje mwambani. Tangu hapo ngama, yaani tumbo la chombo linalobeba mizigo, anaikagua mwenyewe.

Kisiwani natundika vipande vya nta iliyochanganywa na siagi ya karanga. Nimevifunga kwa waya juu ya vigingi, kwani vikiwa chini kaa wa nazi huvibeba. Panya akiwepo atakuja kuitafuna nta hiyo, na meno yake huacha michirizi miwili sambamba. Nikiiona, mitego inategwa siku hiyohiyo, na hakuna mzigo unaovuka mpaka tujue ameingilia wapi.